Kizibo cha Lango la Saba

King'ora kililia wakati Ntahondi ameshaisogeza boti yake ya mbele hadi chini ya ukuta wa Lango la Saba. Nyuma yake msafara wa Waelea ulikuwa bado unajipanga, boti zikigusana mbavu, watu wakirushiana kamba na utani, maana Lango la Saba ndilo la mwisho. Ukishalipanda hilo unaelea kwenye maji ya juu, na kutoka hapo hadi gati la mji wa Ilundo hata sufuria ya chai haijachemka.

Juu ya ukuta, ndani ya kibanda cha vioo, Nyamizi Kapera aliisoma amri iliyojitokeza kwenye kioo mbele yake. Neno moja tu: FUNGA. Akaweka kiganja cha kulia juu ya kibao cha chuma. Huo ndio mkono pekee ambao lango liliutambua. Angekuja mwingine akabandika wake, hata awe mkurugenzi wa Mfereji mwenyewe, lango lisingetikisika. Sheria ilitaka hivyo: mashine ipime maji, lakini aamuaye awe binadamu, ili siku ya lawama apatikane wa kulaumiwa.

Makomeo yakajibana. Kule nyuma, penye kona ya mfereji, mshika Lango la Sita naye akafunga, kisogoni mwa boti ya mwisho.

Utani ukakatika.

"Mwenye lango!" Ntahondi aliita, kiganja kimekinga macho. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, kichwani kitambaa cha bluu kilichopauka, na sauti iliyozoea kuvuka maji. "Mbona mnatufungia mlango usoni?"

"Lango limefungwa mpaka bwawa lipande," Nyamizi alisema kwenye kipaza sauti.

"Hata shikamoo hamna siku hizi?" Ntahondi alicheka, na wenzake nao wakacheka kidogo, kwa matumaini. "Mwanangu, bwawa litapanda kwa nini? Mvua yenyewe iko wapi? Kule Lango la Kwanza tumepewa ruhusa. Tumepanda yote sita. Hakuna aliyetutajia kufunga."

"Amri imetoka sasa hivi."

"Basi turudisheni chini."

"Kuwashusha kunakula maji kama kuwapandisha. Tulieni hapo mlipo."

"Tutulie?" Ntahondi alizitazama kuta za zege zilizosimama pande zote mbili, na uzio wa umeme uliokaa juu yake. "Mwanangu, hapa si pahali pa kutulia. Hapa ni ndani ya sufuria."

Nyamizi alizima kipaza sauti. Moyo wake ulikuwa shwari kabisa. Alijigusa nyuma ya sikio, pale penye uvimbe mdogo kama punje ya hindi, akakishukuru kizibo chake.

Kila mshika lango alikuwa nacho. Asubuhi, akiingia zamu, alikibonyeza kwa kidole, kikatoa mlio mwembamba kama wa mbu, na tangu hapo hadi jioni huruma haikumpanda. Aliona, alisikia, alielewa. Ila kile kitu kinachomkaba mtu kooni anapomwona mwenzake anateseka, hicho kilizibwa. Watu wa Ilundo hawakuona ajabu. Wao wenyewe ndio waliokidai.

Walikidai kwa sababu ya Makwaya. Makwaya alilishika Lango la Saba kabla ya Nyamizi, na alikuwa mtu wa watu. Mwaka wa ukame mkubwa Waelea walimlilia hapohapo chini ya ukuta, akashindwa kuvumilia, akawafungulia. Wakaja wengine, akawafungulia nao. Kila boti zikipanda, kizimba, lile shimo la zege lenye milango miwili, lazima kijazwe pomoni, na maji yake yote hutoka bwawa lilelile linalonywewa na Ilundo. Bwawa likashuka chini ya mdomo wa bomba. Mtaa wa Kaskazini ukanywa maji ya mashimo ya machimbo. Waliozikwa mwaka ule, makaburi yao bado yanaonekana ukiwa barabarani, madogo kwa makubwa, na mawili kati ya hayo madogo ni ya watoto wa Makwaya mwenyewe.

Nyamizi alikuwa msichana wakati huo. Alibeba majeneza. Mamlaka ya Mfereji ilipotafuta watu wa kuwekewa vizibo, alikuwa wa kwanza kupanga mstari.

*

Maji ya mfereji, yakikosa kuongezwa, hayakawii. Jua liliyala kwa juu, nyufa za zege zikayala kwa chini. Kwanza boti ziliteremka taratibu ukutani, zikiacha mstari wa ukoko wa kijani. Kisha zikaanza kugusa tope. Moja ililala ubavu, chungu na magodoro vikamwagika, na kwa muda mrefu hakuna aliyevigusa.

Waelea wasingeweza kutoka. Wazee wao walikuwa watu wa miji ya ufukweni, kabla ziwa halijafura na kuimeza. Walipobaki na boti tu, serikali za nchi kavu ziliwapa kibali cha maji: waelee popote panapoeleeka, wauze dagaa wao, watengeneze mitambo ya jua ya watu wa bara, ila wasikanyage ukingo. Mwelea akikutwa amekanyaga ukingo, boti yake inazamishwa. Hivyo hata kama uzio usingekuwa na umeme, wangepanda waende wapi?

Ntahondi alirudi chini ya ukuta. Safari hii alikuja kwa miguu, tope likimfika magotini.

"Mwanangu, lango sikuombi tena," alisema. "Naomba maji ya kunywa. Teremsha ndoo kwa kamba. Haya tuliyosimama ndani yake ndiyo tunayonywa, na ndiyo tunayo... unaelewa. Watu wameanza kuharisha. Bukuru wangu tangu jana hajasimama."

Bukuru alikuwa mwanawe, kijana mwenye mabega ya mpiga kasia, ambaye siku ya kwanza alikuwa akirusha kamba kwa mkono mmoja na kushika mkate kwa mwingine. Nyamizi alimkumbuka.

Kando ya kiti chake palikuwa na bomba. Alinawia hapo kabla ya kula. Alilitazama, kisha akatazama kanuni iliyobandikwa juu ya kioo, ambayo hakuwa na haja ya kuisoma: kitu cha juu hakishuki chini wakati wa kufungwa. Makwaya naye alianza na ndoo.

"Haiwezekani," alisema.

"Ndoo moja."

"Haiwezekani, mama. Nikishusha moja nitashusha ya pili."

"Ee, ndiyo, utashusha ya pili," Ntahondi alisema, kama anayemwelewesha mtoto. "Kwani watu wanakunywa mara moja?"

Ntahondi akageuka, akivuta mguu mmoja mmoja kutoka kwenye tope.

Jioni hiyo Nyamizi alimkuta mdogo wake, Kabula, amejilaza sakafuni na sare yake ya unesi, hajavua hata viatu.

"Leo tumezalisha wanawake wanne kwa beseni moja," Kabula alisema, macho yakiwa darini. "Wa kwanza alipata maji. Wa mwisho alipata beseni. Dada, msilifungue hilo lango. Nakuomba kabisa. Mkilifungua sisi tumekwisha."

"Halifunguki," Nyamizi alimwambia, akamvua viatu.

Kizibo kilizimika kila zamu ilipoisha, ndivyo alivyoelezwa. Aliingojea huruma imjie, kama mtu anayengoja maumivu baada ya ganzi kuisha. Haikuja. Akalala vizuri.

*

Bukuru alikufa mchana kweupe, watu wote wakiona. Nyamizi alijua kwa jinsi kelele zilivyosita kule chini, halafu zikaanza upya, tofauti.

Walimfunga kwenye turubai, wakamlaza juu ya paa la boti, kwa kuwa chini hapakuwa na mahali pakavu. Jua likawaka juu ya turubai. Kesho yake nzi walikuja, na upepo ulipogeuka harufu ilipanda ukuta hadi ndani ya kibanda. Nyamizi akafunga dirisha.

Ntahondi alikuja mara ya tatu. Kitambaa chake cha bluu hakikuwa kichwani. Alikuwa amemfunikia nacho mwanawe uso. Hakusema mwanangu.

"Lango," aliita. Sasa ndivyo alivyomwita. "Naomba ardhi ya kumzika. Hapo juu, pembeni ya uzio, penye majani makavu. Hatutapanda wote. Wawili watambeba, wengine watabaki huku. Wakimaliza kufukia watashuka wenyewe."

"Kibali chenu ni cha maji."

"Najua kibali chetu. Nimezaliwa nacho. Nakuuliza wewe."

"Ukingo haukanyagwi."

"Maiti haikanyagi!" Ntahondi alipiga kelele, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipasuka. "Maiti inabebwa! Hebu njoo unioneshe mguu utakaokanyaga!"

Nyamizi alimtazama. Aliona mdomo ulivyokauka ukachanika pembeni, aliona tope lililogandia mikononi. Aliyaona yote sawasawa, kama mtu anavyoona mvua inainyeshea nyumba ya jirani. Moyoni mlikuwa na ukimya mpana, safi, uliofagiliwa.

"Mnaweza kumwachia majini," alisema.

Ntahondi alitazama chini, kwenye tope lililomfika magotini, kinyesi kikielea juu yake. Kisha akainua uso.

"Majini wapi, Lango?"

Kule kwenye boti, mtu aliyekuwa akilia alinyamaza, wengine wote wakanyamaza naye, na tangu saa ile Waelea hawakuomba kitu tena.

*

Daktari wa vizibo alikuwa mtu mmoja mcheshi, Ng'wandu, aliyezunguka malango yote kwa pikipiki akiwa na mkoba wa vifaa. Aliingia kibandani akikunja pua.

"Mna mzoga huko chini?"

"Mtu," Nyamizi alisema.

"Aa. Pole." Akamgeuza kichwa, akabandika kipimo nyuma ya sikio. Akakitazama. Akakipigapiga kwenye kiganja, akabandika tena. "Kizibo chako kimekufa."

"Kimekufaje? Asubuhi kimelia."

"Kulia ni betri tu. Ule unywele unaoingia kwenye mshipa ndio uliooza. Na haukuoza jana." Akachungulia kipimo. "Tangu masika hivi. Labda kabla."

Ng'wandu alianza kupanga vifaa vyake mkobani.

"Kwani hukuona tofauti yoyote?" aliuliza, kwa udadisi wa kawaida, kama anayeuliza habari za mahindi.

"Hapana."

"Basi una moyo mzuri wa kazi. Kipya sina hapa, nitakuletea kikipatikana. Kwa sasa endelea tu hivyohivyo, si umeweza?"

Mlio wa pikipiki ulipotea barabarani. Nyamizi alibaki amekaa, mikono juu ya mapaja. Kwanza alifikiri hakuna kilichobadilika. Kisha akakumbuka kidirisha alichokifunga kwa sababu ya harufu, na mkono uliokifunga ulikuwa wake. Akalikumbuka bomba. Akakumbuka neno alilosema, mnaweza kumwachia majini, na jinsi alivyolichagua, maana alilichagua. Kulikuwa na maneno mengine mdomoni. Hakuna kidude kilichomshika ulimi. Tangu masika, kila hapana iliyotoka kibandani ilitoka kwa Nyamizi binti Kapera.

Alitoka nje, akaenda ukingoni, akainama. Hakuwahi kuwatazama bila kioo katikati. Watu walikuwa wamekaa kwenye vivuli vya boti zilizolala, hawasogei. Mwanamke mmoja alikuwa akilowesha kidole kwenye tope na kukipitisha midomoni mwa mtoto. Karibu na turubai la Bukuru palikuwa na turubai jingine, fupi.

Akatapika pale pale, juu ya majani makavu.

Aliporudi ndani alimpigia mkurugenzi. Mkurugenzi huyo, Mlekwa, alikuwa mpole siku zote. Aliwaita washika malango wote wanangu.

"Wanakufa," Nyamizi alisema.

"Najua, binti yangu. Na Ilundo?"

"Nifungue kidogo tu."

"Kidogo hakipo tena. Siku ya kwanza kizimba kimoja kingetosha. Sasa boti zimekaa kwenye tope. Itabidi umwage maji kwanza mpaka zielee, halafu ujaze kizimba, halafu ujaze tena. Wewe mwenyewe unajua bomba la Ilundo liko wapi na maji yako wapi. Usiweke mkono kwenye kibao, binti yangu, pumzika."

Ni kweli, alijua. Kioo kilimwonesha. Angefungua siku ile Ntahondi alipokuwa bado akicheka, mji ungebana mkanda ukavuka. Kungoja kwake ndiko kulikoifanya huruma iwe ghali hivi. Aliwaza wodi ya wazazi na beseni la Kabula. Akawaza makaburi ya barabarani. Hakuna upande uliokosa watu.

Akaweka mkono kwenye kibao.

*

Maji yaliingia kwa mngurumo, mekundu, yakisukuma takataka mbele yake. Boti zikalia, zikajinyanyua moja moja. Watu hawakushangilia. Waliinama wakanywa, kwa mikono, kwa makopo, wengine kwa uso kabisa, na waliokwisha kunywa wakawamwagia waliolala. Nyamizi aliwapigia honi waingie kizimbani.

Kizimba kilipojaa, boti ya Ntahondi ilipanda nacho, pole pole, mpaka paa lake likawa sawa na ukingo, kisha Ntahondi mwenyewe akawa sawa na Nyamizi, uso kwa uso, hatua tatu kati yao. Turubai la Bukuru lilikuwa nyuma yake.

"Shikamoo, mama," Nyamizi alisema.

Ntahondi alimtazama. Hakuitikia. Alikuwa akimchunguza, sehemu kwa sehemu, kama mtu aliyeambiwa kuna mnyama ndani ya pango na sasa mnyama ametoka.

"Kumbe ni mtoto," alisema mwishowe, si kwa Nyamizi. Kisha: "Walituambia mnawekewa kitu kichwani. Kwamba si nyinyi mnaosema."

"Ndiyo."

"Leo wamekitoa?"

Nyamizi angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa jepesi, lingewasaidia wote wawili.

"Kilikuwa kimekufa," alisema. "Tangu masika. Sikujua."

Ntahondi alichukua muda kulielewa. Lilipomfika, alirudi nyuma, akaketi juu ya paa kando ya mwanawe, mkono juu ya turubai.

"Hukupaswa kuniambia hilo," alisema. "Mimi nilikuwa nimeshapata cha kuchukia. Kidude. Nikasema, ni kidude kimemuua, binadamu asingefanya. Hata hicho umenichukulia."

Lango la juu likafunguka. Boti zikatoka moja moja kuelekea maji mapana. Hakuna aliyegeuka.

*

Mabomba ya Ilundo yalikoroma, yakatema hewa, yakanyamaza. Watu walikaa foleni na vyombo vyao, kwanza wakilaumiana, kisha wakimlaumu aliyeko Lango la Saba. Mawe mawili yalivunja dirisha la Nyamizi.

Kabula alirudi nyumbani baada ya kulala wodini siku kadhaa mfululizo. Alisimama mlangoni.

"Ulifungua wewe?"

"Mimi."

"Kulikuwa na mama mmoja, alijifungua salama. Hatukuwa na maji ya kunawa, tukamshika hivyohivyo. Homa ikampanda. Amefariki leo asubuhi." Kabula aliongea bila kupandisha sauti. "Alikuwa anaitwa Sado Masele. Mtoto ni wa kiume. Nimekuja ulijue jina, nami nachukua nguo zangu. Nitakaa hospitali."

"Kabula, wewe hukuwaona wale."

"Sikuwaona. Nimemwona Sado."

Baada ya mlango kufungwa Nyamizi alilia, akalia kesho yake, akalia akiwa zamu, kamasi likidondokea kibao. Akifumba macho alimwona Ntahondi na tope. Akifumbua alimwona mwanamke ambaye hakuwahi kumwona, amelala na mtoto pembeni. Chakula hakikushuka. Alijaribu kujiambia kwamba mmoja kati yao hakuwa mzigo wake, ila hakujua amwache yupi.

Kisha boti zikaonekana tena kwenye kona ya mfereji, nyingi kuliko zile za kwanza. Habari ziliteremka haraka kuliko maji: Lango la Saba linafunguka. Waelea waliokuwa wameghairi safari waligeuza boti, wakapanda. Mshika Lango la Sita aliwapitisha, akafunga nyuma yao.

Siku hiyohiyo Mlekwa alikuja mwenyewe, Ng'wandu akiwa nyuma yake na mkoba. Nyamizi alisimama, akijua anafukuzwa.

"Kaa, binti yangu," Mlekwa alisema. "Sina mkono mwingine. Kulifundisha lango mkono mpya ni kazi ya miezi. Hakuna atakayekufukuza."

"Nimeua watu, mzee. Kizibo kilikuwa kimekufa, nami..."

"Vingi vimekufa." Alisema hivyo akiangalia boti kupitia dirisha, mikono mgongoni. "Malango karibu yote. Vinaoza haraka kuliko tulivyotegemea. Tulijua zamani."

"Mlijua?"

"Tukanyamaza. Tuliona kazi inaendelea vizuri tu. Mtu akiamini kizibo kimo kichwani, inatosha. Kosa ni la daktari, kukwambia."

Ng'wandu akatazama viatu vyake.

"Lakini wewe sasa umeshajua," Mlekwa aliendelea, kwa upole uleule, "na hali yako naiona. Kwa hiyo tumekutafutia kizibo kizima. Ni kimoja tu. Sikulazimishi. Ukitaka ubaki hivyo, baki; ila wale pale chini utawajibu, na Ilundo utaijibu, na bwawa halina tena cha kumpa mtu yeyote. Leo ukifungua hakuna hata tope litakalobaki kwenye bomba."

Kule chini mtu alikuwa ameanza kuita.

Nyamizi alikaa kitini. Akainamisha kichwa, akashika nywele zake pembeni ili Ng'wandu apaone mahali.

"Nitajuaje kama kinafanya kazi?" aliuliza.

"Hutajua," Ng'wandu alisema. "Ila machozi yatakauka."

Ulikuwa mchomo mmoja, kisha mlio mwembamba kama wa mbu. Mlekwa akampigapiga begani, wakaondoka. Na kweli, hata pikipiki haijafika barabarani, kile kilichokuwa kimemkaba kooni siku zote hizi kililegea, kikashuka, kikaisha. Akajifuta uso kwa kanga. Akakivuta kipaza sauti.

"Shikamoo, dada!" Chini ya ukuta alisimama mzee mwembamba kwenye ncha ya boti, kofia mkononi, akimwamkia kwa heshima yeye aliye mdogo. Waelea wote nyuma yake walikuwa wameinua nyuso. "Tumesikia habari zako. Wewe ndiye uliyewafungulia wenzetu. Mungu akuweke."

"Lango limefungwa," Nyamizi alisema.

Mzee alitabasamu, akidhani hakusikia vizuri. Akarudia salamu.

Nyamizi aliuchunguza moyo wake. Alitaka kujua ubaridi huu wa kununuliwa ulivyo, na unapishanaje na ule mwingine. Akauzungusha huku na huku, kama mtu anayepapasa chumba gizani akitafuta mlango uliohamishwa. Kila kitu kilikuwa pale alipokiacha. Ulikuwa ni ukimya uleule, mpana, safi, uliofagiliwa. Hakukosea, aliufahamu kama anavyofahamu kitanda chake. Ndio aliokuwa nao siku aliyomnyima Ntahondi kaburi.

"Dada?" mzee aliita. "Dada, unatusikia?"

"Nawasikia," alisema, na akanyoosha mkono kufunga dirisha.